Mama Nurdini na Cherehani Iliyobaki Newala

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Faidha Khalfan anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha ushonaji chuoni kwetu. Wengine mtauliza Bi Faidha ni nani, maana kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkuu wa Chuo, sote tunamwita Mama Nurdini.

Alizaliwa Lupaso, akafundishwa kushona na shangazi yake, akaja Masasi mjini idara yetu ikiwa na darasa moja lenye paa linalovuja. Leo wanafunzi wake wana vibanda vyao kutoka Nanganga hadi Chidya. Mshono uliopinda aliufumua mbele yako huku akikuuliza habari za nyumbani. Futi ya kupimia haikutoka shingoni. Alikwenda nayo hata kwenye harusi ya mwanawe, na picha zipo. Mkuu wetu, Mwalimu Filemoni, hajasahau siku suruali yake ilipopasuka mgeni rasmi akiwa tayari getini. Mama Nurdini alimsimamisha nyuma ya mlango, akaishona ikiwa mwilini, akamwonya asicheke kabla hajamaliza.

Hawa wawili waliwahi kutofautiana, na ndipo tulipomjua vizuri zaidi.

Ilikuwa Juni 2021. Vita vya ng'ambo ya mto Ruvuma vilikuwa vimewafukuza watu makwao, na baadhi walipokewa na ndugu zao katika kijiji kimoja cha Newala, wakati huo baridi ya kule mlimani ikiuma. Chuo kilikusanya misaada na watu wa Masasi walitoa kwa moyo. Lori likiwa limeshawashwa, Mama Nurdini alifungua furushi moja. Akakuta mashati yasiyo na vifungo, zipu zilizokufa, viatu vya mguu mmoja na joho la mahafali.

Alitaka mablanketi na masweta yatangulie siku ileile, nguo zilizobaki zisubiri zirekebishwe. Mkuu alisema waliotoa watavunjika moyo, na zawadi haikaguliwi.

“Mkuu,” akajibu taratibu, “waliokimbia wamepoteza nyumba. Macho hawakupoteza.”

Mwalimu Filemoni akaagiza nguo zishushwe, mablanketi na masweta yatangulie. Wiki nzima karakana haikupumzika. Mafundi wa mjini walifunga vibanda wakaja kusaidia, na lile joho likatoa sketi tatu za watoto.

Kule Newala alikataa nguo zigawiwe kutoka juu ya lori. Alizitundika kwenye kamba kama dukani, kila mtu achague anachopenda, naye akakaa pembeni na cherehani yake mwenyewe aliyoibeba kutoka nyumbani, akipunguza hapa, akiongeza pale. Wanawake walianza kujaribishana magauni na kutaniana. Mmoja tu, Isabela, hakuchagua kitu. Alisimama akiitazama mikono ya Mama Nurdini.

Wakasalimiana, na kumbe wote wanazungumza Kimakua. Isabela alieleza kwamba naye ni fundi, na cherehani yake iliteketea pamoja na nyumba.

Mama Nurdini aliinuka kwenye kigoda. “Kaa, mwanangu. Mimi mgongo umechoka.”

Isabela alishona hadi nguo ya mwisho. Alianza akilia, akamaliza akiwaamuru watu wasimame wima awapime. Vijana walipotaka kuipakia cherehani, Mama Nurdini aliwaambia waiache, ina mwenyewe. Njiani ndipo alipogundua kwamba amekumbatia mfuniko wake mapajani. Alicheka mpaka tukapita Masasi sokoni.

Tangu hapo chuo chetu hukusanya cherehani zilizolala majumbani, na wanafunzi huzitengeneza na kuzipeleka kwa mafundi waliokimbia vita. Isabela hajarudi kwao bado, lakini ana kibanda Newala, na sare za shule za kijiji kizima hutoka mikononi mwake. Mwezi uliopita alikuja hapa kumwomba Mama Nurdini akamsaidie kufundisha mabinti aliowapokea. Mama Nurdini alikubali kabla hata chai haijamiminwa.

Kwa hiyo tunamuaga mtu anayehamia kazi nyingine. Asante, mama yetu, kwa kila mshono uliotufumulia. Tunakuombea afya, wajukuu wengi, na macho yatakayoendelea kuliona tundu la sindano. Wasalimie Newala.