Delbert Nygaard na Masanduku Kumi na Manne

Marehemu Delbert Nygaard alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 karibu na Ladysmith, Wisconsin, mtoto wa pili wa Mzee Einar na Mama Solveig, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake aliweka sumu ya panya ghalani. Aliyekufa ni paka. Delbert alimzika, kisha akauliza, "Baba, kwani sumu haikujua huyu ni wetu?" Dada yake Verna, anayewasomea maneno haya, ndiye aliyeshika sepetu siku hiyo.

Alimaliza sekondari hapo Ladysmith mwaka 1969, bila sifa na bila aibu, kama alivyopenda kusema.

Juni 1974 aliajiriwa kufagia Bustani ya Wanyama ya Tamarack Hill, na mwaka 1981 akakabidhiwa panya. Watu walicheka. Wacheke tu. Jioni alinyunyiza unga wa ngano vizingitini, asubuhi akasoma nyayo, akafuata njia ya panya mpaka kwenye tundu, akaliziba kwa nyuzi za chuma na saruji. Kwa miaka arobaini na miwili hakuweka sumu hata chembe, na hakuna mnyama aliyekufa kwa mkono wake ila panya.

Arlys alikuwa akikata matunda ya nyani katika jiko la wanyama. Neno la kwanza Delbert alilomwambia ni hili: "Dada, hilo pipa lako lina kifuniko?"

"We kaka, umekuja kuniposa au kunikagua?"

"Tuanze na kifuniko."

Walifunga ndoa tarehe 17 Septemba 1983. Mpaka leo Arlys hajui unga wake wa pai uliishia vizingiti vingapi.

Oktoba mwaka jana moyo wa Delbert ulianza kushindwa, akalazwa. Kitanda chake hakijapoa, mkurugenzi mpya, Bwana Kittleson, akaleta masanduku kumi na manne ya sumu. Eti yana kufuli, hakuna mnyama atakayeifikia. Jamani! Sanduku lina kufuli, panya hana. Huingia, hula, hutoka akiyumba na sumu tumboni. Tarehe 9 Februari Hulda, bundi mkubwa wa kijivu ambaye Delbert alimjua tangu akiwa kinda, alikutwa sakafuni, damu mdomoni. Ilse, mlishaji wa ndege, alikuja hospitali akilia. Delbert akaomba simu.

"Bosi, yatoe hayo masanduku. Leo."

"Delbert, pumzika mzee wangu. Dunia imebadilika."

"Dunia imebadilika, panya hajabadilika! Tundu liko wazi, wewe unamwekea mezani!"

Simu ikakatwa. Daktari wa wanyama alikuta sumu katika ini la Hulda. Tangazo la bustani likasema amekufa kwa uzee. Uzee! Uongo huo ndio uliomkera Delbert kuliko ugonjwa. Siku zake za mwisho alizitumia kuchora ramani ya matundu yote sitini na moja. Alifariki tarehe 2 Machi 2024, akibakiza siku moja atimize miaka sabini na mitatu. Kadi iliyokuja na maua ya bustani inasema "alistaafu kwa furaha". Hakustaafu, na furaha hiyo sisi hatukuiona.

Ameacha mjane, Arlys, mabinti wawili, Karin na Joy, wajukuu watatu, dada yake Verna, na Otto, mwenzi wa Hulda, anayelala hatua ishirini tu kutoka sanduku la kumi na nne.

Bwana Kittleson, umekaa safu ya tatu, karibu na dirisha. Maua yako tumeyaacha nje. Ramani ya ndugu yetu imechapishwa ukurasa wa nyuma wa kijitabu ulichoshika, na mwandiko unasomeka. Kaondoe masanduku, uzibe matundu. Siku hiyo Delbert atapumzika kwa amani, si kabla.