Mzee Paridjan na Siku Tatu Ndani ya Tanuri

Wasikilizaji wapendwa, leo hatunong'oni. Mzee Paridjan wa Karangtebu hakupenda wanong'onaji, na masikio yake yalishaziba kwa mvuke tangu zamani. Amefariki Jumatatu, akiwa na miaka sabini na tisa.

Mnamjua kwa kichwa kimoja cha treni, Nyai Gendis. Kilivuta miwa ya kiwanda, moto wake ukila makapi ya miwa hiyohiyo. Kiwanda kilipofungwa, kikatupwa kwenye magugu. Mzee Paridjan alikifufua kwa miaka sita, yeye na bintiye Wening, kikaanza kubeba abiria.

Kisha ofisi ya utalii ikataka boila, lile tangi la kuchemshia maji, ing'olewe. Kichwa cha dizeli kisukume kwa nyuma, na bomba litoe moshi wa mashine, watalii wapige picha. Wakataji chuma walipofika, mzee akajipenyeza ndani ya tanuri, akajifungia.

"Kateni!" alipiga kelele. "Lakini mjue mnachinja na mwenye nyumba humohumo!"

Alikaa siku tatu. Mkewe, Bi Saminah, alimpitishia wali na pecel, mboga zenye mchuzi wa karanga, kupitia mlango wa kulishia makapi, huku akimgombeza. "We mzee, mimi hujanikumbatia siku tatu mfululizo tangu unioe!" Siku ya nne wakataji wakaondoka.

Jumanne tumemzika. Ofisa alikuja msibani na barua. Eti kwa heshima ya marehemu, Nyai Gendis atapakwa rangi, atazungushiwa uzio, apumzike. Eti hakuna tena anayejua kumwendesha.

Wening amelisha moto ule miaka kumi na moja. Aliingia na masizi hadi kwenye nyusi, apite chini ya jeneza la baba yake mara tatu kama ilivyo desturi yetu.

"Nenda kaoge kwanza!" shangazi yake alifoka.

"Nikioga moto utazima, shangazi." Akapita mara tatu. Kisha akamgeukia ofisa. "Mvuke uko tayari, bwana. Baba anaenda makaburini. Mimi nina abiria wa saa nne."

Sisi wanaume tukabeba jeneza. Tulipofika penye reli, Nyai Gendis alikuwa anapanda mlima, anapiga filimbi, hapunguzi mwendo.

"Simamisheni treni!" ofisa alipiga kelele. "Hamuoni maiti?"

Mdogo wake marehemu, Pak Ngadiran, alimshika bega. "Simama wewe. Kaka yangu hajawahi kuizuia hii treni, na leo hataanza."

Tukasimama na jeneza mabegani mpaka behewa la mwisho likapita. Nililia, sioni haya kusema.

Bi Saminah, Wening, Pak Ngadiran, poleni sana. Msiba wenu ni wetu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, barua ile haijafutwa. Uzio unaletwa Jumamosi. Tafakarini mtakuwa wapi siku hiyo. Mimi nimeshakata tiketi ya behewa la kwanza, na sishuki.