Sauti ya Gladwell Katika Mawe ya Suzhou

Sogeeni karibu, Kagwe na Ndirangu, wanangu, mnisikilize mpaka mwisho, hata kwa yale yatakayowachoma.

Dada yenu Gladwell alipotaka kuolewa na Wabwile wa Bungoma, ni mimi niliyesema, hapa hapa Kibomet mbele ya wazee, kwamba Mbukusu, mtu asiye wa kabila letu, hatakanyaga shamba la baba yenu. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulivunja nyumba. Wakaoana, wakaenda Uchina kufundisha, tukakaa miaka tisa bila salamu.

Mwaka juzi Wabwile, si Gladwell, ndiye aliyenitumia tikiti. Suzhou ni mji mkubwa, Kitale ingepotea ndani yake kama punje guniani, lakini katikati wamehifadhi bustani za watu wao wa kale, zenye kuta nyeupe na madirisha ya duara, na maji yaliyotulia hata unaona wingu likipita chini ya miguu yako. Gladwell alinitembeza siku tatu, bustani hadi bustani, akinijibu "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama" tu, nami nikimfuata kama mtu anayeota.

Siku ya tatu tukaingia ile wanayoiita Msitu wa Simba. Hakuna simba, wanangu. Ni mawe yaliyotobolewa na maji, yamepangwa yakawa mapango na vijia vya kuzunguka, na mle nikampoteza. Nilisikia hatua zake nyuma ya jiwe, lakini kila nikipinda natokea mbali zaidi. Nikaogopa. Nikamwita Nyaruai, jina la mama yangu nililompa alipozaliwa.

"Simama hapo, Mama. Nitakuja mimi."

"Nilikukosea," nikasema, na simwoni.

Hatua zake zikakaribia. "Najua, Mama. Usitembee."

Akaja akanishika mkono, tukakaa kando ya maji mpaka walinzi wakaanza kufunga.

Basi, zile ekari mbili za kando ya mto, kule Kwanza, nje ya Kitale, ni za Gladwell na Wabwile. Mzee wa kanisa ameandika, nimetia kidole. Kagwe, vuna mahindi yako yaliyosimama, kisha uwaachie. Ndirangu, usiniletee habari ya mila. Neno lile nililisema mimi, na ni mimi ninayelifuta.

Siku ya kunizika, Wabwile abebe jeneza mbele pamoja nanyi, asiachwe nyuma pamoja na wageni.

Niinueni kidogo... hivyo. Mungu awape mvua kwa wakati wake... na nyumba zisizofungiana milango. Kagwe, pigia dada yako simu. Usimwambie nimechoka... mwambie Mama amewabariki wote... watatu... na Wabwile, wanne.