Mzee Pantaleo na Jiwe la Mama Mkwe

Mzee Pantaleo Dominiko, msimamizi wa wapasuaji, anastaafu tarehe 30 Juni 1986 baada ya kuyatumikia Machimbo ya Mawe ya Ishwarlal, hapa Nyahanga, kwa miaka ishirini na mitatu. Machimbo nayo yanafungwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna wa kumrithi wala wa kumwonea wivu.

Alipoajiriwa mwaka 1963 mawe yetu yaligombewa. Kila aliyejenga kanisa, duka au daraja alileta lori kwetu. Lakini katikati ya njia ya malori lilikaa jiwe moja, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Wapasuaji walilizunguka kwa adabu, wakaliita Mama Mkwe. Pantaleo, kijana mwenye mdomo, akaapa mbele ya wote kwamba hatoki machimboni kabla ya kulipasua.

Alianza na nyundo, mpini ukakatika. Akaliwashia moto ili likishapata joto alimwagie maji baridi lipasuke. Jiwe likatoa mvuke tu, sisi tukachoma mahindi. Mwaka 1971 akalitegea baruti. Jiwe halikutikisika, ila mabati ya ofisi yaliruka yakatua jikoni kwa Bibi Mektilda, ambaye paa lake lilikuwa limeoza. Bibi akaja kuishukuru kampuni, kuku mkononi. Nani angethubutu kudai mabati? Meneja alifanya kazi chini ya turubai masika yote.

Kisha mambo yakaharibika. Watu wakahamia matofali ya saruji, dizeli ikaadimika, na vijana wakakimbilia dhahabu Bulyanhulu, wakisema wamechoka kupasua mawe yasiyo na kitu ndani. Tukabaki wanne na Mama Mkwe.

Kadiri siku ya kustaafu ilivyokaribia, kile kiapo kilimkosesha raha, nasi tulimhurumia kweli. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tukidhani atasema redio, akaomba jiwe. Tukampa upesi kabla hajabadili mawazo. Lori lilishindwa hata kulisogeza, basi akaomba na kiwanja, akajenga pale pale, jiwe likawa ukuta wa jiko. Mkewe, Mama Tereza, ameshatangaza kwamba atakayeligusa kwa nyundo atajipikia mwenyewe.

Wabeja sana, yaani asante sana, Baba Tereza, kwa kazi na vicheko. Mungu akujalie uzee wenye afya na mama mkwe asiyesumbua. Kiapo chako hukukivunja: jiwe halijapasuka, nawe hujatoka machimboni.