Fahali wa Mama na Tokeni ya Siku Kumi na Moja

Kijiwe cha Nangila, muuza kahawa, kiko upande wa Uganda, hatua chache kutoka geti la mpaka, pale malori yanapopanga foleni na kila mtu ana uhakika na jambo asilolijua. Benchi ni ubao juu ya matofali. Mmoja akiinuka ghafla, mwenzake anaanguka chini. Bwire, wanayemwita Chaji kwa sababu simu yake haijui kulala, alikuwa amejitanua katikati kama waziri aliyealikwa harusini. Kwenye nguzo ya umeme alifunga fahali mweusi wa mama yake, aliyemswaga tangu alfajiri kutoka Buhehe. Mama alisema maneno machache tu: uza huyu, niletee ng'ombe wa maziwa. Bwire alikuwa na hesabu zake. Mnunuzi akituma pesa kwenye simu, atazitia kwanza kwenye sarafu ya mtandaoni, tokeni iitwayo Ngurumo, na jioni afike nyumbani na ng'ombe watatu. Bei ya mwanzo ilikuwa inafungwa saa sita kamili. Zimebaki dakika ishirini, na mnunuzi hajafika.

— Hiyo Ngurumo iko na umri gani? akauliza Ekaju, dalali wa ng'ombe kutoka Kwapa. Jina lake la kijiweni ni Meno. Hamsalimii mnyama kabla ya kumfungua mdomo asome umri kwenye meno.

— Siku kumi na moja, akasema Bwire kwa kiburi, kana kwamba ameizaa yeye.

— Kumi na moja! Ndama ya siku kumi na moja, wewe unafunga jembe?

— Wacha ushamba, buda, akadakia Maloba, mbadilisha pesa wa upande wa Kenya, bunda la noti likiwa mkononi. Niulize mimi. Mtu akiniletea dola ya zamani, ile ya kichwa kidogo, naikunjia uso. Mpya naichukua mbio. Pesa changa ndiyo safi, manze. Ingekuwa na miaka mitano ningekuwa na wasiwasi.

Bwire alicheka kwa sauti. Ila goti lake lilikuwa linacheza chini ya ubao, na kahawa ikamwagikia suruali.

— Tena mtandao hauna usiku, akasema. Hauna Jumapili, hauna matanga. Siku moja ya huko ni mwaka mzima wa hapa. Kwa hivyo Ngurumo ina miaka kumi na moja. Imenishinda hata mimi, nilitoka shule nikiwa na tisa!

— Na inaonekana, akasema Nangila, akipuliza makaa ya sigiri.

Ekaju alikuna kidevu. Bwire akamkazia macho, maana huyu ndiye peke yake aliyekuwa anakataa.

— Ngoja kwanza, akasema Ekaju polepole. Kifaranga yenye inakufa, inakufa wiki ya kwanza. Ikipita hapo, hata ile homa ya kideri inaiogopa. Hii imepita wiki. Chaji, nadhani hii imepona.

— Si niliwaambia! akapiga kelele Maloba.

Hapo hakubaki wa kumzuia. Ajabu, Bwire hakushangilia; alitazama saa kwenye simu. Dakika tisa.

Ndipo pikipiki ikasimama, akashuka Provia, mnunuzi mwenyewe, mama kutoka Molo anayenunua mafahali wa kulimia. Hakukaa. Alimzunguka fahali, akampapasa nundu, akanyoosha mkono kwa Bwire.

— Barua.

Bwire akaitoa mfukoni, imelowa jasho. Ni ile ya mwenyekiti wa kijiji. Bila hiyo hakuna anayenunua mnyama huku, hata mnyama awe na umri mzuri vipi. Provia akaisoma kwa sauti: fahali mmoja mweusi, doa jeupe tumboni, amezaliwa katika boma la Aidah wa Buhehe, majirani wawili wameona. Muhuri upo. Namba ya simu ya Aidah, mama yake Bwire, ipo chini.

— Sawa. Na nyinyi mnapigia nini kelele mpaka nawasikia barabarani?

— Umri wa tokeni, nyabo, akasema Bwire kwa heshima ya Kiganda, na kwa haraka akamweleza yote: Ngurumo, siku kumi na moja, saa sita.

Provia akasikiliza hadi mwisho.

— Umri nimesikia. Imezaliwa kwa nani?

Bwire akarudi kwenye ukurasa wa Ngurumo. Akatelezesha kidole kwenye simu: mchoro wa radi, nyota, namba zinazokimbia nyuma. Jina la mtu, hakuna. Maloba akaanza kuhesabu noti alizokwisha kuhesabu. Ekaju akatazama kwato za fahali kama anaziona leo.

Dakika mbili.

— Haya, mimi nina safari, akasema Provia, simu mkononi. Pesa nitume kwako, ama kwa huyu Aidah wa kwenye barua?

Nangila akainamisha birika. Likatoa mashapo matupu ya kahawa. Fahali akamgusa Bwire bega kwa pua yake baridi.

— Andika, nyabo, akasema Bwire. Sifuri, saba, saba...

Namba ya Chaji kila mtu kijiweni anaijua, huitangaza kutwa kama muuza dawa ya panya. Maloba akainua uso, midomo wazi. Hii haikuwa hiyo, ilikuwa ile ya kwenye barua.

— Chaji, saa sita hiyo...

Ekaju akamkanyaga mguu.

— Nyamaza. Wacha amalize.