Kichwa Kilichopikwa: Kumkumbuka Mama Miiba

Wasikilizaji wapendwa, leo nina habari nzito. Mwalimu wa samaki ametutoka. Yule tuliyezoea kumwita Mama Miiba, aliyekaa kwenye kiti hiki cha mbele yangu akatufundisha, hayupo tena.

Mama Miiba alichunguza kitu kimoja maisha yake yote: miiba ya kichwani mwa samaki. Si ile inayokwama kooni. Ukizichanganya, alikuwa mkali kweli. Ni miiba ya kujikinga, ile inayomfanya adui amteme samaki aliyekwisha kumtia mdomoni. Swali lake lilikuwa hili: je, samaki hao waliirithi kwa babu mmoja, au kila ukoo uliota ya kwake? Yeye alisema babu mmoja. Alisema vitabuni, akasema darasani, na jina lake likasimama juu ya neno hilo.

Basi akaleta nyumbani kichwa cha samaki adimu, akakiweka kwenye friji. Akamwambia mama mkwe wake, "Mama, angalia, kina miiba." Mama akasikia kama anavyosikia mpishi yeyote.

"Nikajua kinataka moto mrefu," mama huyo aliniambia jana msibani. "Nikakichemsha mpaka nyama ikaachana na mfupa. Mkwe wangu aliporudi, nikampakulia."

Mama Miiba alilia, wapendwa. Alilia kama aliyefiwa. Kisha akaanza kuokota mifupa bakulini. Mwiba alioamini umeota chini ya jicho, kama ule wa samaki wake wengine, kumbe ulitoka kwenye mfupa unaofunika matamvua, pale samaki anapopumulia. Ngozi na nyama vilikuwa vimemficha hilo. Narudia: miiba ilifanana, mifupa ilikuwa tofauti. Hawakurithi. Kila ukoo ulijitafutia silaha yake.

Mumewe akamwambia, "Nyamaza tu. Kichwa chenyewe kimeshakuwa supu, nani atajua?"

"Nitajua mimi," akajibu.

Akasimama mbele ya wenzake akasema, "Nilikosea." Wapo walioacha kumsalimia. Ukuu wa idara, uliokuwa karibu kabisa kuwa wake, ukaenda kwa mwingine.

"Aliniambia sikuharibu, nimemtengenezea," mama mkwe alisema, akifuta macho. "Mpaka leo sijui alisema kweli au alinionea huruma."

Kwa mume, kwa binti yake, kwa ukoo mzima: poleni sana. Tuko pamoja nanyi. Nasi tuliobaki tujiulize, ni neno gani tunaling'ang'ania kwa sababu tu tulilisema sisi?

Na wewe mama, najua redio yako iko wazi. Mkwe wako alinikatiza hapa hewani, watu wote wakisikia, kwa kuwa nilimwita pweza samaki. Sikupata pa kuficha uso. Huruma alikuwa nayo tele, lakini si kwenye mambo ya samaki. Alikuambia kweli, mama.