Stroberi Zilizohamia kwa Dada

Benchi la pale mbele ya duka lililofungwa lina miguu mitatu. Wa nne ni tofali, na asubuhi nyingi tofali hilo ndilo lenye akili kuliko wote wanaolikalia. Mama Kahawa alikuwa ameshawamiminia watu wake: Fundi Kola, mshona nguo, Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi wa kesi ya kuku, na Gia, dereva aliyestaafu miguu, mdomo bado uko safarini. Fundi Kola hakunywa. Mjukuu wake anakuja jioni, na kwenye simu babu alishajigamba kwamba ana stroberi uani, nyekundu, za kuchuma kwa mkono wako mwenyewe. Uani kwake kulikuwa na majani matupu.

— Majani yenyewe makubwa, akasema. Kama sahani.

— Ulitia samadi? akauliza Gia.

— Kiroba kizima.

— Basi yameshiba, yamelala. Hayana haja ya kuzaa.

Lakini lililomchoma Fundi Kola silo hilo. Stroberi hutoa mikono mirefu, myembamba kama uzi, inatambaa chini, na ikigusa udongo inaota mizizi na kuwa mche mwingine. Ya kwake ilipita chini ya waya wa mpaka uani, ikaingia kwa dada yake mkubwa, kwenye udongo usioijua samadi. Huko ndiko ilikozaa. Asubuhi ile alichungulia akaziona, nyekundu, zimetandikiwa nyasi kavu zisiguse chini, zimelala kama watoto wachanga. Na dada mtu hawasemeshani, tangu Fundi Kola alipousimamisha huo waya bila kumwambia. Dada alirudi kutoka sokoni akaukuta.

— Kisheria, akasema Wakili, akajiweka sawa mpaka benchi likalia, mche ni mama. Mama akijifungulia kwa jirani, mtoto wa nani? Wako.

— Hata kama uji alipewa huko huko? akauliza Mama Kahawa.

— Uji ni hiari ya mtu.

— Mimi naona ni kama gari, akasema Gia. Umeegesha kwa watu bila ruhusa. Shukuru hajakutoza.

— Hazikuegeshwa, akasema Wakili, zimevutwa. Yule dada anamwagilia maji ya sukari. Mizizi ina ulimi, kaka. Huko ni kurubuni watoto.

Fundi Kola alijua fika dada yake hamwagi sukari. Hata kwenye chai ya mgeni mkono wake ulikuwa mzito. Hata hivyo neno likamwingia.

— Sasa nifanyeje?

— Mmea unafuata jua, akasema Gia. Tundika mablanketi kwenye waya, mzibie. Ikifika jioni, zote zimesharudi kwako.

— Na matunda?

— Zinarudi nayo. Zitamwachia nani?

— Mmea hauna gia ya kurudi nyuma, akasema Mama Kahawa.

— Wewe mimina.

— Au tukate ile mikono, akasema Wakili, tuipeleke ikapimwe na majani yako, damu kwa damu.

Fundi Kola alikuwa bado kwenye mablanketi. Aliyapanga kichwani moja moja, akafika kwenye lile la mkewe, akakwama.

Fundi miavuli mmoja, mgeni wa mtaa ule, alikuwa amesimama pembeni akisubiri kikombe. Alisikiliza yote kwa adabu.

— Samahani wazee wangu. Huyo dada ameombwa akakataa?

Gia akaangalia barabara, ingawa hapakuwa na kinachopita. Mama Kahawa aliendelea kufuta kikombe kilichokauka zamani. Wote wakamtazama Fundi Kola, naye akaitazama kahawa yake, iliyokuwa imepoa na kufanya utando.

— Mama Kahawa, akasema, unacho kibakuli?

— Kikubwa au kidogo?

— Kidogo. Kikubwa ataona nimekuja kudai.

Akapewa. Akasimama nacho, akakizungusha mikononi kama kofia ya mtu aliyeitwa ofisini.

— Na akikuuliza habari ya waya? akauliza Gia.

Fundi Kola alipiga hatua mbili, akasimama.

— Ile plaizi yako, Gia. Bado inakata waya?